Saa ya Kufika Langoni

Kijana msomaji, hapana shaka umewahi kusimama katika mstari mrefu. Labda ulikuwa langoni pa uwanja wa michezo, au mbele ya dirisha la zahanati, au penye kituo cha mabasi siku ya kufunga shule. Wajua basi jinsi miguu inavyochoka, na jinsi fikira zinavyogeuka kuwa manung'uniko. Aliye mbele yako humwona kama mtu aliyekunyang'anya saa zako, na yule ajipenyezaye katikati humchukia kuliko mwizi wa kuku. Lakini ni watu wachache sana wanaojiuliza mstari huo umetoka wapi, na kama ulikuwa lazima.

Katika insha hii nataka tuliulize swali hilo pamoja. Tutaanzia kwetu, Meru na Embu, kisha tutavuka bahari kidogo, halafu tutarudi nyumbani kwenye mbuga yetu ya wanyama, ambayo historia yake ina fundisho lisilotazamiwa.

Wazee wetu hawakuwa na saa za mkononi, lakini walijua sana kuwagawanya watu katika siku. Masoko ya vijijini yalikuwa na siku zake maalum. Soko la hapa likiwa leo, la ng'ambo ya mto lilikuwa siku nyingine. Kwa njia hiyo mama mwenye mtama aliweza kwenda katika masoko mawili au matatu kwa zamu, na hakuna soko moja lililobeba watu wote wa nchi. Hata sasa utaona desturi hiyo haijafa. Miji midogo mingi ya nchi yetu ina siku zake za soko katika juma, na wafanyabiashara huzifuata mji kwa mji. Hakuna mtu aliyefundishwa hesabu ngumu ili kuupanga utaratibu huo. Ulitokana na akili ya kawaida, yaani watu wengi wakigawanywa katika siku nyingi, kila mmoja hupata nafasi.

Ilipokuja kahawa, mambo yakawa magumu zaidi. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea masetla peke yao faida ya zao hilo. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Meru, Embu na Kisii walianza kuruhusiwa kulipanda, tena kwa masharti makali. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kahawa ilienea sana katika miinuko ya Mlima Kenya, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda kando ya mito. Ukiwa mtoto wa mkulima, mengine unayajua mwenyewe. Matunda mekundu yaliyochumwa leo hayana budi kumenywa leo, maana yakilala huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha huharibu sifa ya kiwanda kizima. Kwa hiyo kila mtu huchuma mchana na kufika kiwandani alasiri, mgongoni ana gunia. Hapo huchambua matunda mabichi na mabovu, kisha husimama kungoja mizani. Wakati kahawa iwivapo kwa wingi, mstari huo huweza kumkuta mtu gizani, na watoto hulala juu ya magunia matupu.

Angalia vizuri mstari huo, maana ndani yake mna siri ya mistari yote. Mizani haikuwa na kazi asubuhi. Haikuwa na kazi saa 6 mchana. Mpimaji hakuwa mvivu, wala wakulima hawakuwa wengi kupita kiasi. Kilichouleta mstari ni kwamba wote walifika kwa saa ile ile. Ndiyo sababu vyama vingine hutangaza siku za kupeleka kahawa, ili watu wasijazane.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1851 Waingereza walijenga jumba kubwa la vioo katika bustani ya Hyde Park, London, wakakusanya humo mashine na vitu vya ufundi kutoka nchi nyingi. Maonyesho hayo yalifunguliwa tarehe 1 Mei, na hata yalipofungwa mwezi wa Oktoba watu zaidi ya milioni 6 walikuwa wamekwisha ingia. Wakubwa waliogopa sana umati. Basi walipanga ada ya kuingia kufuata siku. Tangu mwisho wa Mei, Jumatatu hadi Alhamisi mtu alilipa shilingi moja, Ijumaa alilipa shilingi mbili na nusu, na Jumamosi shilingi tano. Kwa hiyo fundi na mtumishi walikwenda katikati ya juma, wakasukumana, na tajiri akaenda Jumamosi, akatembea polepole na mkewe. Umati uligawanyika kweli, lakini uligawanyika kwa mfuko. Neno hili ulikumbuke, maana tutalirudia.

Miaka 104 baadaye, tarehe 17 Julai 1955, bustani ya michezo iitwayo Disneyland ilifunguliwa huko California, Marekani. Siku hiyo ilikuwa ya walioalikwa tu, lakini watu walitengeneza kadi za bandia, na umati uliofika ulipita kabisa matazamio ya wenyewe. Jua lilikuwa kali, na mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa haba. Tangu siku hiyo wenye bustani za namna hiyo wamekuwa wakisumbuka na swali moja: watu wangojee wapi, na kwa muda gani? Mwaka 1999 bustani za Disney zilianza kutoa tikiti yenye saa ya kurudi. Mtu aliichukua, akaenda kutembea mahali pengine, akarudi saa ile akaingia bila kungoja sana. Tikiti hiyo haikuwa na bei ya ziada. Lakini mwaka 2021 huko Marekani utaratibu huo uliondolewa, na nafasi ya kuupita mstari ikaanza kuuzwa kwa fedha. Umeona? Ni Jumamosi ya London imerudi kwa jina jingine.

Kati ya matukio hayo mawili alitokea mtu mmoja wa Denmark, jina lake Agner Krarup Erlang. Alifanya kazi katika kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen, na mwaka 1909 alichapisha hesabu zake kuhusu simu zinavyoingia katika kituo. Yeye hakushughulika na bustani wala na kahawa. Alitaka kujua ni nyaya ngapi zitoshazo ili anayepiga simu asingoje kupita kiasi. Lakini hesabu alizozianza hutumika leo kwa kila mstari wa dunia. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni iliyo fupi mno, kwamba wastani wa watu walio mstarini ni sawa na idadi ya wanaofika kwa saa, mara wastani wa saa ambazo kila mmoja hungoja.

Tuchukue mfano wa kubuni, uone mwenyewe. Lango moja laweza kuingiza gari moja kwa kila dakika 3, yaani magari 20 kwa saa. Lango lafunguliwa saa 12 asubuhi. Siku hiyo yaja magari 40, na yote yafika saa 3 asubuhi. Gari la kwanza laingia mara moja, lakini la 40 litangoja dakika 117, karibu saa 2 nzima. Na tangu saa 12 hadi saa 3, mlinzi wa lango alikuwa amekaa tu, ingawa angaliweza kuingiza magari 60. Kumbe lango lilikuwa na nafasi ya kutosha na zaidi. Lakini nafasi ya saa iliyopita haiwekwi ghalani kama mahindi, ukaitoa utakapoihitaji. Ikiisha imekwisha. Sasa yagawanye magari hayo hayo 40 yafike moja moja tangu saa 1 hadi saa 3, na hutaona mstari hata kidogo. Lango halikuongezwa, wala mlinzi hakupewa mwenzake. Saa za kufika tu ndizo zilizobadilika.

Najua haya si kwa vitabu peke yake. Mwaka mmoja nilifuatana na wanafunzi kwenda kutazama wanyama katika mbuga moja ya nchi yetu. Tulikuwa tumekubaliana kuondoka saa 10 ya alfajiri. Mmoja alisahau kofia, mwingine alikuwa hajaamka, na sisi walimu tulikuwa na chai ya kumaliza. Tukaondoka saa 1. Langoni tulikuta mabasi ya shule nyingi, maana ilikuwa juma la mwisho la muhula na wote tulikuwa tumefikiri fikira moja. Tulipoingia ilikuwa adhuhuri. Simba walikuwa wamejilaza vichakani, tembo wameingia kivulini, na watoto waliokuwa wameweka akiba ya senti zao muhula mzima waliona pundamilia watatu na mavumbi mengi. Kosa halikuwa la mwenye lango. Lilikuwa letu, na tangu siku hiyo sijapenda tena chai ya safari.

Sasa turudi kwenye mbuga yetu ya Meru. Iko mashariki ya vilima vya Nyambene, na eneo lake ni kilomita za mraba 870. Mstari wa Ikweta hupita ndani yake, na Mto Tana uko mpakani upande wa kusini. Zamani ilikuwa hifadhi chini ya baraza la Meru, na mwaka 1966 ikafanywa mbuga ya taifa. Jina lake lilikwisha enea duniani kabla ya hapo kwa ajili ya simba jike mmoja, Elsa. George na Joy Adamson walimlea tangu utoto wake mwaka 1956, wakamfundisha kuwinda, wakamrudisha mwituni katika nchi ya Meru. Joy Adamson aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1960. Elsa alikufa kwa ugonjwa mwezi wa Januari 1961, na kaburi lake limo mbugani hata leo. Sinema ya habari hizo ilipotoka mwaka 1966, watu wa nchi za mbali walitamani kuiona nchi ya Elsa, na katika miaka ya 1970 wageni wengi walifika.

Ndipo ikaja balaa. Majangili wenye bunduki za kivita waliingia wakiwatafuta tembo kwa pembe zao, na vifaru vilevile. Nchini Kenya nzima vifaru weusi walipungua kutoka yapata 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 miaka ya mwisho ya 1980. Mwaka 1988 vifaru weupe waliokuwa wakilindwa karibu na makao ya mbuga ya Meru waliuawa na majangili. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, ili dunia ione kwamba Kenya haitaki tena biashara hiyo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Agosti, George Adamson mwenyewe aliuawa kwa risasi huko Kora, ng'ambo ya Tana.

Je, baada ya hayo langoni pa Meru palikuwa na mstari? Hapakuwa na mstari kabisa. Ungaliweza kufika saa yoyote uitakayo, siku yoyote, ukaingia bila kungoja hata dakika moja. Wageni waliogopa, hoteli zikafungwa, majani yakaota barabarani. Hapa nakuomba usimame kidogo ufikiri. Sisi tuchukiao mistari twapaswa kujua kwamba kutokuwapo kwa mstari si baraka siku zote. Pengine ni dalili ya kwamba kitu chenyewe kimeharibika na watu wamekata tamaa nacho. Na mahali pasipofika mtu hukosa mashahidi, na jangili hapendi kitu kama mahali pasipo na mashahidi.

Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilianza kazi yake mwaka 1990. Mwanzoni mwa karne hii mbuga ya Meru ilianza kufufuliwa kwa juhudi kubwa. Barabara zilitengenezwa upya, tembo waliletwa kutoka Laikipia, na vifaru wakawekewa mahali pao maalum penye ua na walinzi. Leo vifaru weusi na weupe wanaishi humo tena. Wageni wamerudi, ingawa hata sasa si wengi kama wa mbuga nyingine.

Fikiri, kwa mfano, habari za Maasai Mara. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu kwa maelfu huvuka Mto Mara, na watu hutoka pande zote za dunia kuwatazama. Magari hujipanga ukingoni bega kwa bega, na wakati mwingine huwazibia nyumbu njia. Basi mstari wa huko humchosha mgeni, tena humdhuru mnyama. Wakati huo huo, katika nchi iyo hiyo, gari lililo peke yake laweza kuwa limesimama kando ya mto Rojewero, na waliomo wanasikiliza ndege. Na kwa watu wa Embu ipo hifadhi ya Mwea, iliyotengwa mwaka 1976 karibu na maziwa ya mabwawa ya Kamburu na Masinga. Ni ndogo, kilomita za mraba 42 tu, lakini ina viboko na ndege wengi wa majini. Ninyi wanafunzi wa huko mwaweza kuifikia na kurudi siku moja. Wageni wakigawanywa katika mbuga nyingi, na katika miezi mingi, Mara ingepumzika, na Meru na Mwea zingepata riziki na mashahidi. Je, hii si akili ile ile ya masoko ya wazee wetu?

Baada ya historia, yafaa tuseme la kutenda. Shule yako ikipanga safari kama hiyo, fikirini mambo matatu kwa taratibu yake.

Kwanza ni majira. Katika nchi yetu mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika penye maji na majani ni mafupi, basi huonekana kwa urahisi. Wakati wa mvua barabara za udongo huteleza, lakini watu ni wachache.

Pili ni siku. Jumamosi na sikukuu ni za watu wote, na juma la mwisho la muhula ni la shule zote. Jumanne ya katikati ya muhula haina mwenyewe. Ichukueni.

Tatu ni saa. Simba na wanyama wengine wengi hutembea alfajiri na jioni, na jua likiwa kali hupumzika. Kwa hiyo afikaye mapema hupata faida mbili kwa safari moja, maana huupita mstari, tena huwaona wanyama. Na siku hizi ada za mbuga za taifa hulipwa kwa mtandao wa serikali, si kwa fedha mkononi. Mwalimu atakayelipa siku iliyotangulia, akiwa na majina ya wanafunzi yaliyoandikwa vizuri, atakuwa amekwisha maliza nusu ya mstari kabla hajatoka nyumbani.

Lakini nakuonya jambo moja kubwa kuliko yote. Saa ya kufika hutengenezwa kwa saa ya kuondoka, haitengenezwi kwa mwendo wa gari. Ukitoka Embu kwenda mbuga ya Meru, utapita Runyenjes na Chuka, utashuka mteremko wa Daraja la Nithi, kisha Nkubu, Meru, Maua, hata lango la Murera. Mteremko ule wa Nithi umewaliza watu wengi. Tarehe 24 Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi kwamba waliokufa walikuwa wamechelewa. Nasema kwamba barabara ya namna ile haifai kujaribiwa na dereva anayesukumwa na watu walioamka wamechelewa, wakimwambia, "Kaza mwendo, lango litajaa." Mkichelewa, chelewweni salama. Afadhali kuwakosa simba kuliko kukosa kurudi kwa mama zenu.

Na sasa lile neno la London nililokuambia ulikumbuke. Mahali pengi duniani mwenye fedha hununua njia ya kuupita mstari, na asiye nazo hungoja. Haya yamekuwako tangu 1851, na sidhani yatakoma upesi. Lakini iko njia moja ambayo haijauzwa bado. Alfajiri haina bei. Mtoto wa mchuma kahawa na mtoto wa tajiri, jua huwachomozea kwa saa moja, na lango la saa 12 halimwulizi mtu baba yake ni nani. Aliyeamka ndiye aingiaye.

Wahenga wetu walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wakasema pia, haraka haraka haina baraka. Wanafunzi wengi huniuliza katika mithali hizi mbili ni ipi iliyo kweli, maana zaonekana zapingana. Mimi hujibu kwamba zote mbili ni kweli, na kwamba hazipingani. Anayeamka mapema hana haja ya haraka, na mwenye haraka mara nyingi ni yule aliyechelewa. Zifikirie mithali hizo jioni ya kuamkia safari yenu, ukiwa umeweka kofia yako karibu na mlango.